Linki ya waya yaanguka kutoka 1000 hadi 100 kila alasiri, na testa yawasha taa zote nane

Jirani_Kibokoni

Assalamu aleikum wanabaraza.

Nyumba ni ya Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa mbili, kuta nene za matumbawe na chokaa. Waifai ya sebuleni haifiki chumba cha juu, ndiyo maana pakavutwa waya. Njia yake ni hii: modemu ya faiba na rauta ziko chini. Kutoka tundu la LAN 2 kuna waya mfupi wa mita 1 hadi soketi ya ukutani. Hapo waya mrefu wa kama mita 30 wapita ua wa ndani, watoka nje upande wa magharibi, wapanda na ukuta, waingia kando ya dirisha la chumba cha juu hadi soketi ya pili. Kutoka soketi hiyo ni waya wa mita 2 mpaka kompyuta. Ganda la waya mrefu limeandikwa Cat6, yaani daraja la sita la nyaya za mtandao. Kifurushi ni cha 200 Mbps (megabiti kwa sekunde).

Dalili: asubuhi linki (muungano wa waya baina ya kompyuta na rauta) hupanda 1.0 Gbps, yaani 1000 Mbps, na kipimo cha kasi hutoa karibu 200. Baada ya adhuhuri mtandao hukatika sekunde tatu nne, hurudi, hukatika tena, kisha hutulia. Ukitulia, Windows huonyesha 100/100 Mbps na kasi haipiti 94 hata iweje. Hubaki hivyo mpaka nichomoe waya na kuuchomeka upya, na wakati mwingine hata hivyo haupandi. Siku za mvua hali ni mbaya zaidi.

Nyaya fupi zote mbili zimebadilishwa, tundu la rauta limebadilishwa, hakuna tofauti. Fundi alikuja na testa, taa 1 hadi 8 zikawaka kwa mpangilio pande zote mbili, akasema waya ni mzima na tatizo ni la mtoa huduma. Mtoa huduma asema laini yake iko sawa. Nina multimita ya dijitali, krimpa (koleo la kubana vichwa vya waya), na laptopu yenye tundu la waya. Nianzie wapi?

Nahodha_LAN

Wa aleikum salaam. Mtoa huduma muondoe kwenye hesabu kwanza. Ile 1.0 Gbps au 100 Mbps unayoiona ni makubaliano ya kadi ya mtandao ya kompyuta yako na tundu la rauta yako, ndani ya nyumba yako. Faiba ya nje hata ikikatika kabisa, linki hiyo yapaswa kubaki 1000.

Namba 94 yatosha kukwambia mengi. Linki ya 100 Mbps ikishatoa nafasi ya vichwa vya pakiti za Ethanet, IP na TCP, kinachobaki ni kama 94 au 95. Kwa hivyo yeyote mwenye kifurushi kikubwa ambaye kipimo chake chagota hapo kila mara, ajue kuna mahali kwenye njia yake linki imeshuka hadi 100.

Kwa nini ishuke? Ndani ya waya mna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne, na kila mmoja una pini yake yenye namba kwenye kichwa. Linki ya 100 hutumia jozi mbili tu, pini 1-2 na 3-6, yaani chungwa na kijani kwa mpangilio wa rangi uitwao B. Linki ya 1000 yataka jozi zote nne, pamoja na buluu kwenye 4-5 na kahawia kwenye 7-8. Sasa, kadi na rauta husalimiana na kukubaliana kasi kupitia zile jozi mbili za kwanza. Zikiwa nzima, kila upande utasema "mimi naweza 1000" na mwenzake atakubali, hata kama buluu au kahawia ni mgonjwa. Ndipo zinapojaribu kuanza kazi kwa jozi nne, zashindwa, zajaribu tena, zashindwa, na chipu ya kadi yaamua kuomba 100 badala yake. Zile sekunde tatu nne ndizo hizo. Na ikishatulia kwenye 100 hairudi yenyewe, kwa kuwa 100 yafanya kazi vizuri na hakuna cha kuisukuma ianze mazungumzo mapya. Hubaki hapo mpaka uchomoe.

Kwa dalili zako basi, chungwa na kijani ni nzima. Buluu au kahawia ina mguso mbaya ambao jua la alasiri na unyevu wauharibu zaidi. Ukuta wa magharibi saa tisa mchana huwa moto sana, na waya na chuma cha soketi havitanuki sawasawa.

Kabla ya kufungua chochote, thibitisha ni kipande gani. Siku moja alasiri weka laptopu chini, iunganishe na rauta moja kwa moja kwa ule waya wa mita 2. Ikibaki 1000 mpaka jioni, rauta haina kosa. Siku ya pili ichukue laptopu hiyohiyo na waya huohuo wa mita 2 juu, uchomeke kwenye soketi badala ya kompyuta. Ikianguka, kompyuta nayo haina kosa, na kilichobaki ni soketi mbili na mita 30. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, jibu halitakufaa.

Wakati wote huo acha dirisha moja likipiga pingi (kuiuliza mfululizo kama ingali yajibu) rauta yenyewe, siyo tovuti ya nje:

`ping -t 192.168.1.1`

(weka anwani ya rauta yako). Kasi ya linki itazame kwa PowerShell, amri `Get-NetAdapter`, safu ya LinkSpeed. Mwenye Linux atumie `ethtool` na jina la kadi yake. Hapo kuna orodha ya kasi ambazo upande wa pili umejitangazia. Ukiona upande wa pili watangaza 1000baseT/Full lakini Speed yasoma 100Mb/s, tuhuma zote ziko kwenye waya na viungo vyake.

Pwani_Stima

Ndugu, wakati watafuta tatizo, ingia kwenye sifa za kadi, mahali pa Speed & Duplex, uifunge kwenye 100 Mbps Full Duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja). Haitajaribu 1000 tena na kukatika kutakoma. Kifurushi kitapungua lakini kazi itaendelea.

Chumvi_na_Shaba

Pwani_Stima, lengo ni zuri ila njia hiyo ina hatari yake. Upande mmoja ukifungwa kwa mkono na rauta ikabaki kwenye kujipangia, rauta yaweza kutambua kasi ya 100 lakini haiwezi kutambua kwamba mwenzake ni Full Duplex. Kwa kanuni, huangukia Half, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Hapo kompyuta yatuma wakati wowote ipendayo na rauta yadhani ni mgongano, pakiti zatupwa, na kasi yaweza kushuka hata chini ya 10 ukipakua faili kubwa. Pingi itaonekana nzuri huku kila kitu kizito kikikwama, na mtu ataendelea kutafuta tatizo ambalo amelitengeneza mwenyewe.

Iliyo salama ni kuweka swichi ndogo ya matundu 5 ya 100 Mbps, zile za bei ya chini kabisa, katikati ya soketi ya juu na kompyuta. Swichi hiyo haina 1000 ya kutangaza, kwa hivyo pande zote mbili zitakubaliana 100 Full kwa njia halali. Kwenye Linux waweza kuiambia kadi itangaze 100 Full peke yake bila kuzima mazungumzo: `ethtool -s enp3s0 advertise 0x008` (enp3s0 ni mfano wa jina la kadi).

Sasa nije kwa testa, kwani hapa ndipo watu wengi Mombasa hupotezewa pesa. Testa ya taa nane hutuma umeme mdogo wa betri, pini moja baada ya nyingine, na kuangalia kama wafika upande wa pili. Taa ndogo ya LED yatosheka na umeme kidogo sana. Mguso wenye kutu ya kijani, unaozuia kwa omu 50 au hata 100, bado utaiwasha vizuri. Linki ya 1000 kwa upande wake hutuma alama milioni 125 kwa sekunde kwenye kila jozi, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Mguso ule ulioridhisha taa hauwezi kuridhisha kazi hiyo. Testa yajua kama waya umekatika kabisa, umegusana na mwenzake, au umepangwa vibaya. Haijui zaidi ya hayo, na fundi akisema "taa zote zawaka, waya mzima" amesema zaidi ya alichopima.

Una multimita, nayo yatosha kulipata tatizo hili. Fanya hivi:

1. Chomoa waya kwenye rauta na kwenye kompyuta. Usipime kitu chochote kikiwa kimeunganishwa.

2. Chukua waya mfupi wa zamani wenye vichwa viwili, ukate katikati. Sasa una vipande viwili, kila kimoja na kichwa upande mmoja na nyaya nane wazi upande wa pili. Menya ncha zote kama sentimita 1.

3. Kipande cha kwanza kichomeke kwenye soketi ya juu. Ncha zake zisokote jozi kwa jozi: chungwa na nyeupe-chungwa, kijani na nyeupe-kijani, buluu na nyeupe-buluu, kahawia na nyeupe-kahawia. Jozi moja isiguse nyingine.

4. Kipande cha pili kichomeke kwenye soketi ya chini. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha 200. Gusanisha ncha za multimita kwanza uone zenyewe zasoma ngapi, kwa kawaida 0.2 hadi 0.5, na utoe kiasi hicho kwenye kila jibu.

5. Pima kila jozi na uandike.

Pima kupitia soketi, usizifungue kwanza. Miguso ya soketi ndiyo tunayoishuku, na ukiiruka utapata majibu mazuri yasiyo na maana. Pima asubuhi, kisha upime tena wakati jua limeshika ule ukuta.

Kwa mita 30 za shaba halisi, kwenda na kurudi, tarajia omu 4 hadi 5.5 kulingana na unene, na hivyo vipande vya kupimia vitaongeza kidogo. Jozi zote nne zikaribiane. Jozi moja ikizidi wenzake kwa omu moja nzima, tayari ina kasoro. Zote nne zikisoma 6.5 hadi 8.5, basi waya si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Waya huo huuzwa sana ukiwa na maandishi ya Cat6 kwenye ganda, ilhali viwango vya Cat5e na Cat6 havikubali alumini. Wembe utakukatia shauri: kwangua waya mmoja taratibu, ukiona ndani kweupe kama fedha ni alumini. Huvunjika upesi ukikunjwa, na kwenye hewa ya chumvi hufanya ukoko mahali unapominywa na soketi. Ukiwa ndio huo, usipoteze nguvu kuutengeneza.

Jozi moja ikionyesha ugonjwa, acha multimita imeshikwa kwenye jozi hiyo na mtu wa pili abonyeze nyaya nyuma ya soketi ya juu, kisha ya chini, halafu autikise waya mahali unapoingilia ukutani. Namba ikirukaruka akigusa mahali fulani, ndipo penyewe.

BintiTudor

Niongeze mawili ambayo multimita haitayaona.

La kwanza ni jozi zilizogawanywa. Wapo wanaopanga rangi kwa kufuatana, chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, pande zote sawasawa. Testa itapita, omu zitapita. Lakini pini 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio huo 3 yatoka kwenye kijani na 6 yatoka kwenye buluu. Msokoto ndio unaozuia jozi kusikia kelele za jirani yake. Ukiuvunja kwa urefu wa mita 30, makosa ya pakiti yatajaa. Ukifungua soketi angalia kwa macho. Mpangilio wa B kuanzia pini 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwenye soketi nyingi rangi zimechapishwa ubavuni, safu ya A na safu ya B. Chagua B chini na B juu.

La pili ni stima. Ikiwa waya umepitishwa trankingi (mfereji wa plastiki) moja na nyaya za volti 240, utoe humo, kwa usalama wako kwanza kabla ya kasi. Zikienda sambamba ziachanishe sentimita 20 au zaidi, zikikutana zikatane kwa pembe mraba.

Na kwa wengine wanaosoma: hapa waya uko ndani ya nyumba moja, sawa. Ukitaka kuvuka kwenda nyumba ya pili, usitumie waya wa shaba, vuta faiba. Radi za masika zikipiga karibu, shaba baina ya majengo mawili huleta umeme moja kwa moja kwenye matundu ya rauta.

Jirani_Kibokoni

Shukran sana nyote. Majibu haya hapa.

Laptopu chini ilibaki 1.0 Gbps hadi magharibi. Ilipopelekwa juu ilianguka 100 kabla ya alasiri, sawa na kompyuta.

Vipimo, nikiwa nimeshatoa 0.3 ya ncha za multimita:

Asubuhi: chungwa 4.7, kijani 4.8, buluu 4.7, kahawia 6.4.

Saa tisa mchana: chungwa 4.9, kijani 4.9, buluu 4.9, kahawia yapanda na kushuka baina ya 38 na 60, haitulii.

Nyuma ya soketi ya juu ikibonyezwa kahawia yarudi 7, ikiachiwa yaruka tena. Soketi ya chini ikiguswa hakuna mabadiliko. Nimeifungua ile ya juu: meno mawili ya kahawia yana unga wa kijani, na chini ya kisanduku kuna alama ya maji yaliyokauka. Waya waingia kisandukuni kwa juu, moja kwa moja kutoka tundu la ukutani. Rangi zimefuata B pande zote. Wembe umeonyesha wekundu mpaka ndani.

Je, nisafishe kwa dawa ya kupuliza na kuchomeka upya, au nibadilishe soketi?

Chumvi_na_Shaba

Vipimo safi kabisa. Waya ni shaba, jozi tatu ni nzima, na ile nyongeza ya 0.1 au 0.2 mchana ni joto tu, shaba ikipata moto huzuia zaidi. Ugonjwa wako ni meno mawili ya soketi.

Badilisha soketi, usiisafishe. Meno yale hukata ganda la waya na kuuminya shaba kwa nguvu ya chemchemi. Ile minyo ndiyo huziba hewa isiingie baina ya jino na shaba. Kutu ikishaingia katikati minyo imelegea, na dawa itaondoa unga wa kijani lakini haitarudisha nguvu ya chemchemi. Itapanda 1000 wiki chache, kisha upepo wa kusi ukileta unyevu wa bahari urudi ulipoanzia.

Kabla ya kufunga soketi mpya lazima ujue maji yamefika wapi. Maji huingia ndani ya ganda na kufuata nyaya mbali kuliko mtu anavyodhani. Kata ncha sentimita 5, umenye ganda, utazame. Shaba iking'aa na ndani pakavu, umeshafika mahali pazima. Ikiwa nyeusi au kijani, au ukiona unyevu, kata tena sentimita 5. Ukifika sentimita 30 na bado ni chafu, waya wa nje umeshaingia maji, na hakuna soketi itakayoutibu.

Utazame pia ganda la sehemu ya nje. Waya wa ndani wa kawaida una ganda la PVC, na jua la miaka michache hulikausha likapasuka. Lipinde kwa mkono kwenye ukuta wa magharibi: likionyesha nyufa nyembamba, panga kuvuta mpya. Uwe wa nje, ganda jeusi la polithini, na ikiwezekana wenye jeli ndani. Nunua mita 35 kwa njia yako ya 30, ili kila mwisho ubaki na akiba ya kukata upya baadaye.

Kufunga soketi:

Menya ganda sentimita 3 tu. Wembe usiguse nyaya za ndani, kwani waya uliokwaruzwa hukatika baadaye pale pale. Cat6 huwa na msalaba wa plastiki katikati, ukate ukikaribia ganda. Fungua msokoto kidogo iwezekanavyo, milimita 6 kwa Cat6, na hata kwa Cat5e usizidi 13. Kila jozi ibaki imesokotwa mpaka inapokaribia meno yake. Sukuma kila waya kwa panchi (chombo cha kuingizia nyaya kwenye meno ya soketi) yenye ncha ya 110, upande wa kukata ukiangalia nje. Bisibisi usiitumie, hupanua meno na minyo hupotea siku hiyohiyo. Vifuniko vya plastiki vinavyokuja na soketi virudishe, si vya urembo. Huzuia nyaya kutikisika na hupunguza hewa ya chumvi.

Kisha tundu la ukutani. Kwa nje waya ushuke chini ya tundu kama sentimita 10 ndipo upande na kuingia, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya ndani. Tundu lenyewe toboa upya likiinama kuelekea nje, uzibe kwa silikoni upande wa nje peke yake. Ukiziba pande zote mbili, unyevu ulionaswa katikati hauna pa kutokea. Kisanduku kisogeze mbali na dirisha kama waya wafika, na waya uingilie chini yake.

Nahodha_LAN

Ukimaliza, usiridhike na kuona 1.0 Gbps, maana hata ile soketi mbovu ilikupa hiyo asubuhi. Rudia vipimo vya omu alasiri, kahawia iwe sawa na wenzake kwa tofauti isiyozidi 0.2 hivi. Halafu weka iperf3, programu ya kupima kasi, kwenye mashine mbili, laptopu chini kwenye rauta na kompyuta juu. Chini andika `iperf3 -s`, juu andika `iperf3 -c` na anwani ya laptopu, kisha `-t 600`, ili ipige dakika 10 mfululizo. Rudia ukiongeza `-R` ili mzigo uende upande wa pili. Linki nzima hutoa karibu 940 Mbps huku na huku na haiyumbi. Baada yake angalia `netstat -e` kwenye kompyuta, mstari wa Errors usiongezeke. Kipimo cha tovuti hakitakusaidia hapa, kwani kifurushi cha 200 hakiwezi kuujaza waya.

Zima pia Energy Efficient Ethernet (kipengele cha kuokoa umeme) kwenye sifa za kadi kwa muda wa majaribio. Baadhi ya kadi na rauta hazielewani hapo na hukata linki wakati wa utulivu. Ukiiacha imewashwa hutajua kukatika kwatoka wapi.

Jirani_Kibokoni

Nimekata sentimita 15, shaba safi na ndani pakavu. Ganda la nje halijapasuka bado. Panchi ya 110 sina. Nikiacha soketi ya juu kabisa nikafunga kichwa cha RJ45 kwenye waya wenyewe na kuuchomeka kompyuta moja kwa moja, kuna ubaya?

BintiTudor

Yafaa, kiungo kimoja kitapungua. Lakini chagua kichwa sahihi. Waya wa ukutani ni wa uzi mmoja mgumu, na vichwa vingi vya bei ya chini vimetengenezwa kwa nyaya laini za nyuzi nyingi: jino lake limenyooka na hutoboa katikati ya nyuzi. Kwa uzi mgumu jino hilo huteleza pembeni au huukata, nawe utarudi na tatizo lilelile. Omba kichwa cha uzi mgumu, ambacho jino lake lina ncha tatu zinazoukumbatia waya. Uzi wa Cat6 ni mnene pia, kwa hivyo kiwe cha Cat6, chenye kile kipande kidogo cha kupangia nyaya. Ukikinunua cha Cat5e nyaya hazitaingia mpaka mwisho.

Kabla ya kubana, tazama kichwa kwa mbele: ncha nane za shaba zionekane zimegusa plastiki ya mwisho, na ganda la waya liwe limeingia chini ya kile kibano cha nyuma, siyo nyaya tupu. Bana kwa nguvu mpaka krimpa ijiachie yenyewe.

Waya mgumu haupendi kukunjwa kila siku, basi ufunge kwenye mguu wa meza au ukutani karibu na kompyuta, kona yake isiwe chini ya sentimita 3. Kama kompyuta husogezwasogezwa, afadhali uazime panchi uweke soketi.